Tope la biogesi kuuzwa kama mbolea: kiwango cha taifa kipime nini?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha wafugaji 14 hapa Kisesa, Mwanza, ng'ombe wa maziwa wa kufugia bandani. Wengi tuna mitambo ya biogesi ya kuba, mita za ujazo 9. Tope linalotoka mtamboni tunalimwaga migombani na kwenye mchicha, lakini linatuzidi. Kuna mwenye bustani anataka kulinunua kwa madumu, ila anauliza: lina naitrojeni kiasi gani, na nani amelithibitisha? Kati yetu mmoja anachanganya mapanki (mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu), mwingine ameunganisha choo na mtambo. Tunafikiria kupeleka pendekezo TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ili tope hili liwe na kiwango chake. Tuandike nini, na tuanze kupima nini sisi wenyewe? – Katibu wa kikundi

Jibu

Ndugu Katibu, mnunuzi wenu ameuliza swali la haki, ila jibu lake haliko kwenye namba moja. Mfuko wa urea umeandikwa 46 na ndani ni 46, uwe umenunuliwa Mwanza au Mbeya. Tope la biogesi hubadilika kati ya jirani na jirani, na hata kwenye shimo lile lile la kulikusanyia kati ya kiangazi na siku mbili baada ya mvua. Kiwango kikiandikwa kwa mtindo wa urea, kwamba naitrojeni isipungue asilimia fulani basi, kitamfungia mlango mfugaji mkweli na kumfundisha mjanja kutia kiganja cha urea kwenye dumu asubuhi ya kuchukuliwa sampuli.

Kwa hiyo pendekezo lenu lianzie kwenye tangi la kuchanganyia, kabla halijafika kwenye dumu. Kinachoingia na muda kinaokaa ndani huamua karibu kila kitu kinachotoka.

Ningegawa tope kwa madaraja kufuatana na mlo wa mtambo. La kwanza ni kinyesi cha mifugo, mkojo na mabaki ya mimea. La pili ni mitambo inayopokea mapanki, uchafu wa machinjio au makombo ya hoteli. La tatu ni mtambo wowote uliounganishwa na choo, hata kama choo ni kimoja na ng'ombe ni kumi. Mwenzenu wa choo asichanganye tope lake na la kikundi. Sababu ni mayai ya minyoo. Kuba lililo ardhini huku kwetu halina joto la kuyaua. Mtambo wa nyumbani hauchemki, hufuata joto la udongo. Tena mayai hayo ni mazito kuliko maji, huzama. Ndiyo maana tope linalofurika kila siku linaweza kuonekana safi maabara, halafu siku ya kuzoa mashapo chini ya kuba mkatoa mzigo wa miaka yote kwa mkupuo. Kiwango kitenganishe vitu hivyo viwili, na mashapo ya daraja la tatu yasiguse bustani ya mboga kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka yai la minyoo lisifike 1 kwa gramu ya kitu kikavu (kile kinachobaki maji yote yakikaushwa) na *E. coli*, bakteria wa kinyesi, wasifike 1,000 kwa gramu. Na kwa kinyesi cha binadamu kinachohifadhiwa tu kwenye joto la nyuzi 20 hadi 35, muda ni zaidi ya mwaka mzima.

Mapanki si haramu. Yana protini nyingi, na protini ikivunjika hutoa amonia, ambayo ndiyo naitrojeni mnayoitaka. Ikizidi huwaumiza bakteria wa gesi: moto unafifia, tope linanuka na kutoa povu. Anzeni na kilo 1 ya mapanki yaliyosagwa kwa kila kilo 20 za kinyesi, mkae wiki tatu kabla ya kuongeza. Umoja wa Ulaya hudai mabaki ya wanyama yapashwe nyuzi 70 kwa saa 1 nzima, vipande visizidi milimita 12. Kwa pipa na gesi ya mtambo wenyewe hilo linawezekana. Kwa ng'ombe anayetibiwa kwa antibayotiki, kinyesi chake kiende kwenye mboji, kisiingie mtamboni, mpaka siku za dawa ziishe.

Sasa muda. Hapa watu wengi hukosea hesabu. Mtambo wa mita za ujazo 9 unaolishwa kilo 75 za kinyesi na lita 75 za maji kila siku hupokea lita 150. Mtu hugawa 9,000 kwa 150 anapata siku 60, anafurahi. Lakini sehemu ya juu ya kuba ni ya gesi. Tope lenyewe likiwa na nafasi ya lita 7,000 hivi, muda halisi ni siku 47. Akiongeza ng'ombe wawili bila kuongeza mtambo, au akimwaga maji ovyo kwa sababu bomba liko karibu, anashuka chini ya siku 35, na linalotoka ni kinyesi kilichopashwa pashwa tu. Kiwango kiseme muda uhesabiwe kwa ujazo wa tope, na mfugaji aweke daftari: kilo zilizoingia, lita za maji, tarehe. Ni daftari la shilingi mia chache, lakini mkaguzi atalisoma kabla ya karatasi ya maabara.

Kujua kama limeiva hamhitaji mashine. Chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita, jazeni tope nusu, mvalishe puto mdomoni na kukaza kwa mpira. Chupa ya pili itiwe kinyesi kibichi na maji. Ziacheni kivulini siku 7. La kibichi litavimba. Puto la tope likisimama nalo, mtambo umelishwa kupita kiasi. Likibaki limelala au limeinuka kidogo tu, mko vizuri. Jaribio lingine ni mbegu: chujeni tope kwa kitambaa, kipimo 1 kwa maji 9, muoteshe mbegu 25 za nyanya kwenye kitambaa kilicholowa, na 25 nyingine kwa maji matupu. Zikiota chini ya 20 pale maji yalipootesha zote, tope hilo lisubiri shimoni.

Kuhusu madini yenye sumu, viwango vya wenzetu huandikwa kwa miligramu kwenye kilo ya kitu kikavu. Kanuni ya Ulaya ya 2019, kwa mbolea ya asili, inaweka kadimiamu 1.5, risasi 120, zebaki 1, shaba 300 na zinki 800. Zichukuliwe kama pa kuanzia, ila kuna mtego ndani yake. Bakteria hula mabua na kuyageuza gesi. Zinki haigeuki gesi. Kilo 100 za kitu kikavu zikipungua kuwa 65, zinki ni ile ile, lakini kwa kila kilo sasa imepanda mara moja na nusu. Mtambo uliofanya kazi vizuri unaonekana mchafu kuliko uliolala! Dawa yake ni kuweka pia ukomo wa kiasi kinachoingia kwa hekta kwa mwaka. Ukanda wetu una jambo lake pia: zebaki bado inatumika kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita, na magugu maji yana tabia ya kufyonza metali kutoka ziwani. Anayelisha mtambo kwa magugu maji apime zebaki, risasi na kadimiamu. Mwenye ng'ombe na nyasi za shamba lake hana haja ya kulipia vipimo hivyo kila msimu.

Sampuli ndiyo inayoharibu matokeo mengi kuliko maabara. Shimo huwa na utandu juu, maji katikati, mashapo chini. Anayechota juu kwa kikombe amepima maji. Korogeni kwa mti mrefu dakika 15, mchote lita moja moja mara kumi sehemu na vina tofauti, mmimine kwenye ndoo safi ya plastiki, mkoroge tena, ndipo mjaze chupa ya lita moja. Msiijaze mpaka shingoni: gesi bado inatoka na chupa hupasuka njiani. Iwekwe kwenye boksi la barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Ya vijidudu ichukuliwe peke yake, kwa chupa iliyotakaswa. Waambieni maabara, kwa maandishi, naitrojeni ipimwe kwenye sampuli mbichi. Wakiikausha kwanza kwenye oveni, kama wanavyofanya kwa udongo, amonia karibu yote hupaa na mtaletewa nusu ya mbolea yenu.

Matokeo yaandikwe kwenye lebo kwa kilo ndani ya lita 1,000, kama lilivyo, pamoja na asilimia ya kitu kikavu. Asilimia ya naitrojeni kwenye kitu kikavu peke yake humdanganya mnunuzi, kwa kuwa yeye ananunua dumu, na dumu ni maji. Tope la ng'ombe la kawaida lina kitu kikavu kama asilimia 7 na naitrojeni kama kilo 1.2 kwa lita 1,000. Takriban nusu yake ni amonia, ya kutumika msimu huo huo. Yaani dumu la lita 20 lina naitrojeni ya haraka sawa na vijiko viwili vya chakula vya urea. Mtambo wenu mmoja, lita 150 kwa siku, hutoa kama lita 54,750 kwa mwaka: naitrojeni ya haraka kilo 33, chini ya mifuko miwili ya urea. Mwambieni mnunuzi ukweli huo mapema. Kisha mwambieni ambacho urea haina: kama tani 2.5 za mabaki hai kwa mwaka, ambayo ndiyo hasa udongo wa luseni, yaani wa kichanga, wa vilimani kwetu unaililia, pamoja na fosforasi na potasiamu.

Hesabu hiyo pia inaamua soko. Tope la maji liuzwe kwa bustani jirani. La kwenda mbali, limiminwe juu ya mabua na majani makavu, vipimo vitatu vya tope kwa kimoja cha makavu, ligeuzwe kila wiki. Lundo likishika nyuzi 55 kwa siku 14, vijidudu vingi hufa, na makavu hunasa sehemu ya amonia. Kulianika juani kwenye sakafu mpaka liwe unga ni kupoteza: linalobaki ni zuri kwa udongo, lakini ile naitrojeni ya haraka imeshaondoka na upepo. Shimo nalo liezekwe. Bati mbili au turubai huzuia mvua kuingia na amonia kutoka, na kuwe na mashimo mawili ya kupokezana ili lile la kuuzia lisitiwe tope bichi siku moja kabla ya kuuza.

Shambani, mimineni kwenye mfereji jioni na kufukia papo hapo, sentimita 10 kutoka kwenye shina. Kwa miche lipunguzwe kwa maji kiasi sawa. Kwa mboga zinazoliwa mbichi liende kwenye udongo, kamwe si kwenye majani.

Kifungu kimoja msikiache kitoke kwenye rasimu: ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kiwango kiweke umbali wa kumwaga tope kwa kuanzia hapo, na kikataze kulimwaga mtoni au wakati mvua kubwa inapotarajiwa. Fosforasi ya tope ikiteremka ziwani ndiyo chakula cha magugu maji. Bustani inayopewa tope kwa kufuata naitrojeni peke yake, mwaka hadi mwaka, huishia na fosforasi ya ziada, hivyo karibu na maji kipimo kifuate fosforasi.

Kuhusu ofisi: TBS huandika viwango kupitia kamati za kitaalamu ambamo wazalishaji, watumiaji, watafiti na serikali hukaa pamoja, na rasimu hutolewa kwa maoni ya umma kabla ya kupitishwa. Mfugaji ana haki ya kupeleka pendekezo. Kuuza ni habari nyingine. Kumwaga kwenye mgomba wako ni shughuli yako, ila Sheria ya Mbolea ya 2009 inataka mbolea isajiliwe kabla ya kuingia sokoni, na msimamizi ni TFRA (Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania). Waoneni hao kabla ya kuchapisha lebo hata moja. Kwa majaribio ya shambani, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kiko Misungwi. Waombeni wawasaidie kupanga viploti vitatu tu: tope, urea yenye naitrojeni sawa, na bila kitu, kila kimoja kirudiwe mara nne. Pendekezo lenye matokeo ya misimu miwili na madaftari ya wafugaji 14 ni gumu kwa kamati kuliweka kando.