Programu imesema Octavia si ya Seneca. Je, imethibitika?

SWALI: Niko mwaka wa pili wa uzamili. Nimeingiza tamthilia kumi zinazobeba jina la Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, kwenye programu ya kulinganisha mitindo, pamoja na barua zake kwa rafiki yake Lucilius. Imenipa zaidi ya asilimia 90 kwamba Octavia, mojawapo ya hizo kumi, si yake. Naweza kuandika kwamba imethibitika?

JIBU: Hapana, na hiyo asilimia ifute. Kila msimu wa tasnifu huniletea swali hili. Iulize programu hiyohiyo kuhusu Medea, nyingine kati ya hizo kumi, ambayo wataalamu hawabishani kwamba ni yake. Usishangae ikisema nayo si ya Seneca! Barua ni nathari, tanzia (tamthilia hizo za majonzi) ni ushairi. Mashine imepima utanzu, wewe ukasoma mwandishi.

Haya, ziondoe barua. Ukiacha hizo kumi, karibu hatuna tanzia ya Kilatini ya kale iliyobaki nzima, sasa utamlinganisha Seneca na nani? Delta, mbinu aliyoitoa John Burrows mwaka 2002, huhesabu maneno yanayorudiarudia sana, kisha hutaja maandishi yaliyo karibu zaidi. Jirani lazima apatikane, hata kama mwandishi wa kweli hayumo kabisa kwenye orodha. Tena Kilatini kina et, atque na -que, zote “na”. Mshairi huchagua kwa kufuata mizani, na -que hubandikwa mwishoni mwa neno, kwa hiyo programu isiyoelekezwa kuitenga haiioni.

Octavia haikusubiri kompyuta ili itiliwe shaka. Seneca mwenyewe ni mhusika ndani yake. Mzimu wa Agrippina unatabiri mwisho wa mwanawe, Kaisari Nero, nao unafanana mno na yaliyompata mwaka 68, wakati Seneca alikufa mwaka 65. Codex Etruscus, muswada wa karne ya 11 wenye tanzia za Seneca, hauna tamthilia hiyo. Hesabu zako ziunge mkono ushahidi huo, basi. Ukitaka kazi ya kweli, hangaika na Hercules Oetaeus: mistari karibu 2,000, na wataalamu bado wanavutana kama ni ya Seneca. Ikate vipande, uone kama kimoja kinakataa kufanana na vingine.

Wanaonikera hasa ni wauzaji wa “bandika maandishi, upate jina”. Hawasemi wamelinganisha na nini, wala mashine yao hukosea mara ngapi kwa maandishi ambayo mwenyewe anajulikana. Leo watu wanashutumiwa kwa vipimo hivyo, kuanzia insha za shule hadi barua zisizo na jina. Niliwahi kuletewa matokeo ya aina hiyo kuhusu barua moja, mshukiwa keshapatikana. Nikaomba orodha ya waliolinganishwa. Ilikuwa na jina moja.