Nailoni ya wanga wa muhogo

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Kikundi chetu kinabangua korosho hapa Masasi. Kuna kijana anatuuzia nailoni iliyochanganywa na wanga wa muhogo na mafuta ya maganda ya korosho. Anasema inaoza ardhini na inaua ukungu. Aongeze wanga kiasi gani ili ioze haraka?

JIBU: Asiongeze hata kijiko, mama. Mwulizeni kwanza plastiki aliyotumia ni ipi. Akisema polietilini, hiyo ni nailoni ileile ya siku zote, imetiwa uji tu.

Nimewahi kufukia kipande cha mfuko wa namna hii kwenye mboji. Nilipokifukua kilikuwa na vitobo kama chekeche, nikakishika kikameguka. Mwenye mali akashangilia: "Si umeona!" Nilichoona ni vijidudu vimekula wanga na kubakiza plastiki, tena sasa imekuwa chembechembe zisizookoteka. Wanga ukiwa kidogo hata hauliwi, umezingirwa na plastiki pande zote. Ukizidi, mfuko unachanika mkononi. Ili mfuko uoze kweli, wanga huo ulainishwe kwa gliserini na joto, kisha uchanganywe na plastiki ambayo nayo huliwa, kama PBAT. Na bado wanga hunyonya unyevu, kwa hiyo korosho zenu za kukaanga zitalegea.

Hayo mafuta ya maganda ndiyo yananipandisha hasira. Kweli, yana asidi inayoua baadhi ya bakteria. Lakini ninyi mnaobangua kwa mkono mnajipaka majivu kwa sababu gani, kama si kwa kuwa yanababua ngozi? Leo mtu ayaweke yagusane na chakula! Hata mafuta ya karafuu, ambayo tunayala, mengi huruka hewani mashine inapoyeyusha plastiki kwa nyuzi 150 na zaidi. Na dawa ya kwenye mfuko, hata ikiwa nzuri, inazuia ukungu usiote; sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, iliyokwisha kuingia kwenye korosho haiitoi.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, neno "inaoza" limekuwa mtaji. Wapo wanaodondoshea mfuko tone la ayodini mbele ya watu, ukigeuka bluu nyeusi wanapigiwa makofi. Ayodini inaonyesha kuna wanga, basi. Hata ugali ungegeuka hivyo. Anayewauzia alete majibu ya maabara mawili: plastiki yenyewe imeoza kwa kiasi gani, na nini kinahama kutoka kwenye mfuko kwenda kwenye korosho. Huyo kijana wenu mkimwuliza la pili, tazameni uso wake.