Ukikuza zaidi, seli ya kitunguu inapotelea wapi?

Mdogo wangu, hadubini yako ni nzima. Unasema kwa lenzi ya 4 (ya chini, inayokuza mara 4) uliuona utando wa kitunguu vizuri, ukarukia ya 40, ukakuta giza. Lenzi ya jicho, ile unayochungulia, inazidisha mara 10 tena, kwa hiyo ulitoka mara 40 ukaenda mara 400: upana wa eneo unaloliona ulipungua mara kumi, na mwanga nao ukapungua. Seli imebaki nje ya duara tu.

Rudi kwenye 4, ilete katikati kabisa (picha imepinduka, ukisukuma kulia inakwenda kushoto), pitia 10, ndipo 40. Hapo ongeza mwanga, uguse skrubu ndogo tu ya kulenga picha. Ile kubwa nimeshapasulia slaidi! Ukitia tone la iodini, kiini utakiona kama kidoti cha kahawia.