Gliserini ikichelewa bandarini

SWALI: Kiwanda chetu hutengeneza dawa ya maji ya kikohozi. Gliserini, majimaji mazito matamu ya kutia kwenye dawa hiyo, tunaiagiza nje; hufika baada ya siku 60, mara nyingine 95, na kazi husimama. Tuweke akiba kiasi gani?

JIBU: Pigeni hesabu kwa siku 95. Mkitumia kilo 20 kwa siku, agizeni mzigo mpya akiba ikishuka hadi kilo 1,900. Tafuteni na muuzaji wa pili, asiyechukua mali kiwanda kilekile. Tunachokiogopa zaidi ni kununua kwa pupa: daithilini glaikoli, sumu inayoua figo, kwa macho haitofautiani na gliserini. Mwaka 2022 watoto wa Gambia walikufa baada ya kunywa dawa zilizokutwa nayo. Pimeni kila pipa, hata lenye cheti. Sumu hiyo isizidi asilimia 0.10 ya gliserini.