Tangazo la duka: Citizen TV au redio ya lugha ya mama?

Aliyeanzisha uzi anauza pampu za maji Barabara ya Kirinyaga, na wateja wake wengi ni wa Ukambani. Anauliza ajikamue aingie Citizen TV au aende redio. Niliuza matangazo miaka mingi katika kituo kingine hapa Nairobi, kwa hiyo nijibu ninavyoijua kazi hiyo.

Nenda Musyi FM, redio ya Kikamba ya Royal Media Services, wenye Citizen TV. Ukiitaja Royal Media watu huona Citizen TV tu, lakini kampuni hiyo ya S.K. Macharia ina redio chungu nzima: Radio Citizen ya Kiswahili, Inooro ya Kikuyu, Ramogi ya Kijaluo, Chamgei ya Kikalenjin, Mulembe ya Kiluhya. Hapo ndipo mwenye duka dogo anampata mtu wake bila kulipia nchi nzima. Mtu wa Kondele, Kisumu, akiiona pampu yako wakati wa Nipashe, taarifa ya habari ya Citizen TV, atapanda basi usiku aje Kirinyaga?

Halafu kumbuka Februari 2015, ule mvutano wa vituo vya TV na serikali juu ya kuhamia matangazo ya dijitali. Citizen, NTV na KTN zilikaa gizani karibu wiki tatu. Redio za FM hazikuguswa, na sisi tuliokuwa tukiuza matangazo ya redio, simu za wateja zilitukosesha chakula cha mchana.

Sasa ujanja wenyewe. Usikubali tangazo lirushwe mara moja kwa siku mwezi mzima eti ndiyo bei nafuu. Afadhali wiki moja, mara nne au tano kwa siku, alfajiri na jioni, watu wakiwa kwenye matatu au wakikama ng'ombe. Wauzaji wa matangazo watakusukumia nafasi za saa tisa mchana kwa sababu haziuziki (nilikuwa nazo mimi mwenyewe, najua). Pesa zikitosha, lipia mtangazaji akutaje kwa mdomo wake katikati ya kipindi; wasikilizaji wake humwamini kuliko sauti iliyorekodiwa. Ataje bei, aseme duka liko karibu na mzunguko wa Globe, na namba ya simu airudie mara mbili, polepole.

Malipo yaingie akaunti ya kampuni, kamwe si kwa simu ya muuzaji. Na kila Ijumaa dai orodha ya saa ambazo tangazo lilirushwa. Likirukwa, ni haki yako lirudiwe bure, lakini usipouliza hakuna atakayekukumbusha.