Kabla hamjahamia pamoja Kigoma, elewaneni kuhusu wageni

Wawili wakitangaza kwamba wanahamia nyumba moja, maswali huwa ni yale yale. Kitanda mmenunua? Friji mnayo? Mtaa gani? Swali ambalo hapa Kigoma lingewafaa zaidi haliulizwi: mgeni akija, atalala wapi?

Nalitanguliza kwa sababu mji wetu ni mwisho wa reli. Treni ya Dar es Salaam ikishapita Tabora inakuja kuishia hapa. Mabasi ya Kasulu na Kibondo yanashusha hapa, na boti za vijiji vya mwambao wa kusini zinaondokea hapa. Anayekwenda huko akiikosa boti lazima apate pa kulaza ubavu. Mgonjwa akiletwa hospitali ya Maweni anakuja na wa kumuuguza, na muuguzaji huyo ana ndugu mjini, ambaye ni wewe. Mkiwa bado mnaishi kila mtu kwao hakuna anayewakumbuka. Mkishakabidhiwa funguo, habari inafika kijijini hata chandarua hamjakitundika.

Sisi tulianzia Mwanga, chumba na sebule, choo cha kuchangia uani. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuja kufuatilia cheti chake cha shule, akasema siku mbili tatu tu. Akakaa mpaka mahindi ya kwao yakakaribia kuvunwa. Kijana mwenyewe hana neno: anachota maji, anaosha vyombo bila kuambiwa, anamsalimia hata yule jirani asiyeitikia. Lakini analala sebuleni, na mlango wa chumba chetu ulikuwa unafungukia hapo hapo. Usiku ukitaka kwenda uani inabidi ujifunge khanga mbili, umruke mtu miguu, na ule mlango wa nje ulivyokuwa ukilia mtaa mzima unajua umetoka. Mume na mke wapya wanahitaji pa kucheka, na wanahitaji zaidi pa kugombana. Sisi tulikuwa tunagombana kwa kunong'ona, na ugomvi wa kunong'ona hauishi.

Kwa hiyo mkienda kuangalia nyumba, msianze na vigae na dirisha la aluminiamu. Tazameni milango. Mtu akilala sebuleni, ninyi mnatokaje? Yeye anafikaje chooni bila kupita chumbani kwenu? Mimi nachagua vyumba viwili vya kawaida vyenye choo cha nje kuliko chumba kimoja cha kisasa chenye choo ndani. Rafiki zangu wengi hawakubaliani nami, mpaka mama mkwe anapobisha hodi usiku akitaka kupita chumbani kwao aende kujisaidia.

Na kabla ya sofa, nunueni godoro la ziada, futi tatu kwa sita, asubuhi mnalisimamisha ukutani, pamoja na chandarua chake. Chandarua si cha kuombana, maana Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mgeni akiugua kwenu, dawa na lawama zote zenu. Sofa itakuja tu.

Sasa chakula, na hapa ndipo watu wengi huumia kimya kimya. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti kitu, kazi inalala, na bei sokoni inapanda. Kwa maana hiyo mgeni wa wakati wa giza na mgeni wa wakati wa mbalamwezi si mzigo mmoja, hata kama wote wanakula sahani moja moja. Dawa yake ni kununua dagaa wakavu mwaloni Kibirizi wakati wamejaa, kuwachambua vizuri mchanga, na kuwatia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mawese vilevile: chukueni dumu, achaneni na kupimiwa kwa chupa dukani. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nyumba zenye ndoo zilikula dagaa huku wenzao wakizoea maharage. Sisi tulikuwa na ndoo, na nakiri ilituongezea wageni.

Umeme ni jambo dogo lakini linachoma. Mita ya LUKU ikiwa moja kwa wapangaji wote, ulizeni mapema mnachanga kwa chumba au kwa kichwa. Mama mwenye nyumba wetu alikuwa akihesabu vichwa, na shemeji alihesabiwa kuanzia usiku wa kwanza.

Kuhusu siku za kukaa, kila mtu atawatajia ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini shamba liko wapi? Jembe la mjini ni kumpa mgeni kazi inayojulikana ni yake: maji, kwenda sokoni, kumpeleka mtoto shule. Anayekaa kwa raha ataifanya. Aliyechoka kukaa ataanza mwenyewe kuulizia treni.

Jambo lililotuokoa sisi ni kukubaliana kwamba kila mtu asemee ndugu zake. Mimi shemeji sikuwahi kumgusia kuondoka hata siku moja. Ningethubutu, hadithi ingefika Kasulu kwamba mke wa kaka ndiye kamfukuza. Mume wangu alimwita uani wakati wanamenya mihogo, akamwambia, "Mdogo wangu, nauli yako hii hapa, nimekuwekea. Mama anakusubiri kwenye mavuno." Kijana akacheka, akapokea. Keshokutwa yake tulimfungia dagaa kwenye mfuko, akapanda basi. Nauli ikishatoka mfukoni, safari inapata tarehe. Tangu hapo tuna bahasha ya nauli za wageni, tunaichangia wote wawili, na haiguswi hata gesi ikiisha. Zamu yangu ilipofika, shangazi yangu nilimsemea mimi, na ilikuwa kazi kweli kweli, maana shangazi yangu hajui kuaga.

Wawili tu hatuwawekei siku: mama zetu, na mtu wa Maweni. Mwenye mgonjwa hahesabiwi. Huyo mnampikia uji wa kupeleka wodini na mnalala na simu wazi.

Kuna upande wa makaratasi pia. Mkataba wa pango uandikwe majina yenu wote wawili. Mmoja akisafiri, aliyebaki asije kuambiwa "mimi namjua mumeo tu." Nendeni pia kwa mwenyekiti wa mtaa mkajitambulishe. Na kwa mnaohamia pamoja kabla ya ndoa, ambao ni wengi kuliko tunavyokubali, mjue Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasemaje: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawa wanawajua kama mume na mke, sheria inawachukulia kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Angalieni hapo penye "watu wakawa wanawajua." Watu wenyewe ni majirani, na ni hao hao wageni waliolala kwenye lile godoro. Nanyi mnaomwambia mgeni kwamba mwenzenu ni "rafiki tu anayekaa hapa," mnajua mnachokifanya.

Mali nazo zina hesabu yake. Mkiwa mmeoana, kwa sheria hiyo hiyo, kilichoandikwa jina la mmoja kinachukuliwa kuwa chake mpaka ionyeshwe vinginevyo, na kilichoandikwa majina ya wote wawili kinachukuliwa kuwa cha wote kwa usawa. Kwa vijiko hamna haja. Kwa kiwanja cha Mwandiga mtakachonunua baadaye, haja ipo, na mazungumzo hayo ni mepesi wakati bado mnachekeana.

Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na mwenye nyumba huenda akadai miezi sita mbele. Ombeni mitatu. Nyumba ikiwa imekaa tupu muda mrefu, wapo wanaokubali. Mkiwa hapo hapo, muulizeni kama ana sharti lolote kuhusu wageni, kwa sababu wako wenye nyumba wasiotaka mtu asiye kwenye mkataba alale zaidi ya siku chache. Nawajua mume na mke, sitawataja mtaa, waliikimbilia nyumba ya namna hiyo makusudi. Ndugu akipiga simu kwamba yuko njiani, wanamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba wao hawana shida, ila mzee mwenye nyumba ndiye mkali.

Mzee mwenyewe anaishi Dodoma.