Posho ya anayejitolea: maswali yenu wiki hii

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Mwezi huu nimepata nusu ya posho, mwezi uliopita sikuona kitu. Pesa zetu hukwama wapi? (Mathare)

Pole sana, dada. Ile Sh5,000 yako ya mwezi hutoka mifuko miwili: serikali kuu hutoa Sh2,500 na kaunti Sh2,500. Ndivyo mpango ulivyopangwa ulipozinduliwa Septemba 2023, kwa wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima. Mfuko mmoja ukikauka unapata nusu. Kaunti nayo hungoja mgao kutoka Hazina Kuu, na mgao ukichelewa, nawe unachelewa. Kwa hiyo ulizeni nusu ipi haijaingia, na ya miezi ipi, kisha mwandike barua mkiwa kikundi.

Jambo hili linaniuma. Niliwahi kuandamana na mwenzako kwenye nyumba za mabati karibu na mto. Begini alikuwa na mashine ya presha, ya sukari, na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto. Tulipofika kwa nyanya mmoja, mashine ya presha ikakataa kuwaka. Akatoa pesa zake mwenyewe, akamtuma mtoto dukani kuleta betri. Nyanya akapimwa, presha ikawa juu, akapelekwa kliniki siku hiyo hiyo. Mwenzako huyo hakuwa amelipwa kwa miezi miwili.

Zamani tulijenga shule kwa harambee na hakuna aliyeomba posho. Kwani vijana wa leo wana nini? (Dagoretti)

Shikamoo mzee wangu. Shule hizo mlizijenga Jumamosi, Jumatatu mkarudi shambani kulikokuwa na chakula. Mhudumu wa Mathare ana karibu nyumba 100 za kuzungukia na yeye mwenyewe ni mpangaji. Mwenye nyumba hakubali harambee. Asipopewa posho ataenda kufua nguo za watu Eastleigh, na nyanya wa presha atabaki bila mtu wa kumbishia hodi.

Kijana wangu ameambiwa atoe Sh2,000 jina lake liingie kwenye orodha ya kusafisha Mto Nairobi kwa Sh500 kwa siku. Nimpe? (Korogocho)

Usimpe, mama. Hizo ni siku nne za jasho lake, na nafasi ya kazi ya umma haiuzwi. Andika jina la aliyeomba, tarehe na mahali, upeleke kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Binamu yangu alikuwa akifundisha watoto kusoma Marekani chini ya AmeriCorps, mpango wa serikali yao wa watu wanaojitolea, akasimamishwa ghafla. Nchi tajiri vile inakosaje pesa? (Eastleigh)

Pesa zilikuwepo. AmeriCorps iliundwa kwa sheria ya 1993, na Bunge lao lilikuwa limeshapitisha fedha zake. Aprili 2025 serikali ya Trump ikafuta ruzuku za karibu dola milioni 400. Majimbo zaidi ya 20 yakaenda kortini, na Juni jaji wa Maryland akaamuru zirudishwe katika majimbo yaliyoshtaki. Binamu yako aulize kama jimbo lake lilikuwa miongoni mwa hayo.

Sisi wa mtaani tunaingilia wapi kabla bajeti haijapita? (Kayole)

Makadirio hufika Bunge la Taifa kabla ya Aprili kwisha, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Katikati hapo wabunge wanatakiwa kusikiliza maoni ya wananchi. Nendeni, na bunge la kaunti pia msilisahau. Mkitaka kujua pesa zilizotengwa zimefika wapi, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Tajeni mpango kwa jina na mwaka wa fedha, na muulize swali moja. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa maana siku huhesabiwa kuanzia hapo.